Manahodha Wengi na Chombo Kimoja: Nani Hulinda Programu Huria?

Wahenga walinena kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama. Methali hii tumeifunza darasani miaka nenda miaka rudi, wanafunzi wameitungia insha, nasi walimu tumeisahihisha pasipo kuitilia shaka. Lakini katika ulimwengu wa tarakilishi kimezuka chombo chenye manahodha maelfu, waliotawanyika katika mabara yote, wengi wao wasiopata kuonana ana kwa ana. Chombo hicho kimepakia shehena ya mabenki, ya maduka na ya serikali, na hadi leo kingali kinaelea. Jina lake ni Kubernetes.

Jina lenyewe linamvutia mwanaisimu. Kwa Kiyunani neno hilo lina maana ya mshika usukani. Warumi walilichukua shina lake, Waingereza wakalipokea kupitia Kifaransa, na hatimaye likatufikia sisi katika umbo la "gavana". Kwa hiyo magavana wetu 47 na programu hii ni ndugu wa ukoo mmoja: wote wamepewa jina la mtu aongozaye chombo. Programu nyingine zinazoandamana nayo zimefuata msamiati huo huo wa bahari. Ipo iitwayo Helm, yaani usukani. Ipo Harbor, yaani bandari. Na ipo Istio, neno la Kiyunani lenye maana ya tanga. Mswahili aliyelelewa Lamu au Mombasa angejihisi yu nyumbani.

Kazi ya mshika usukani huyu ni ipi? Hapo awali programu kubwa ilikuwa kama jengo moja: ufa ukitokea jikoni, nyumba nzima hutikisika. Siku hizi wahandisi huigawa programu katika visehemu vingi vidogo, kila kimoja kikiwa kimefungiwa katika kontena lake pamoja na vyote kinavyovihitaji. Makontena hayo husambazwa katika tarakilishi nyingi zilizounganishwa, mahali ambapo watu wamepazoea kwa jina la "wingu". Kubernetes huamua kontena lipi likae wapi, hulianzisha upya likifa, na huyaongeza wateja wanapofurika. Kampuni ya Google iliitangaza mwaka 2014, na mwaka uliofuata ikaikabidhi kwa Cloud Native Computing Foundation, shirika lililo chini ya Linux Foundation. Ni programu huria: yeyote anaweza kuisoma, kuinakili, kuirekebisha na kuwapelekea wasimamizi marekebisho yake.

Swali ambalo mwanafunzi makini hana budi kuliuliza ni hili: kitu ambacho kila mtu anaweza kukisoma, wezi wakiwamo, kitakuwaje salama?

Jibu la kwanza ni kwamba usiri si ulinzi. Tuchukue mfano kutoka ndani ya Kubernetes yenyewe. Maneno ya siri ambayo programu huyatumia kufungulia hazina zake huandikwa kwa mfumo uitwao base64. Anayeyaona kwa mara ya kwanza hudhani yamefichwa kwa ustadi mkubwa. La hasha! Base64 ni namna nyingine ya kuandika tu, kama vile barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Asiyezijua hati hizo hupigwa na butwaa. Azijuaye huisoma barua yote bila kikwazo. Tena, msimamizi asipochukua hatua ya kuagiza zifichwe kwa msimbo wa kweli, siri hizo huwekwa ghalani zikiwa hivyo hivyo. Vilevile, makontena yote huruhusiwa kuzungumza yenyewe kwa yenyewe hadi msimamizi aweke mipaka. Hayo yote yameandikwa waziwazi katika maelezo ya programu. Atakayedhurika ni yule asiyesoma.

Mwaka 2018 wachunguzi wa usalama walifichua kuwa wahalifu waliingia katika Kubernetes ya kampuni ya magari ya Tesla na kuzitumia tarakilishi zake kuchimbia sarafu za kidijitali. Hawakuvunja kufuli lolote; ukumbi wa usimamizi uliachwa bila neno la siri. Kanuni ya msingi katika fani hii ni nyepesi kuisema na ngumu kuifuata: kila mfanyakazi, awe mtu au kontena, apewe idhini ya kazi yake tu. Baharia wa tanga hana haja ya ufunguo wa sanduku la fedha.

Jibu la pili ndilo zito zaidi, nalo linahusu watu. Watetezi wa programu huria hudai kuwa macho yakiwa mengi, kosa halifichiki. Dai hilo lilitiwa kwenye mizani mwezi Machi 2024. Ipo programu ndogo iitwayo XZ Utils, ambayo kazi yake ni kuyabana mafaili yachukue nafasi ndogo. Hakuna aliyeishangilia, lakini imo katika mifumo mingi ya Linux, na Linux ndiyo sakafu ambayo wingu limejengwa juu yake. Kwa miaka mingi programu hiyo ilitunzwa hasa na mtu mmoja, kwa kujitolea, bila mshahara.

Kuanzia mwaka 2021 alijitokeza mchangiaji aliyejiita Jia Tan. Alileta marekebisho mazuri, kwa adabu na kwa bidii. Wakati huo huo majina mengine, ambayo wachunguzi wanayashuku kuwa ya bandia, yalianza kumshutumu yule mtunzaji kwa uzembe na kumshinikiza atafute msaidizi. Mtu aliyechoka akapata msaidizi. Kufikia Februari 2024 msaidizi huyo alikuwa ameaminiwa kutoa matoleo mapya, na ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1 alificha mlango wa nyuma ambao ungempa mwenye ufunguo wake uwezo wa kuamrisha tarakilishi za watu kutoka mbali. Naam, kikulacho ki nguoni mwako.

Aliyeuokoa umma ni mhandisi mmoja, Andres Freund wa kampuni ya Microsoft. Alikuwa akipima utendaji wa mfumo wa hifadhidata, akatambua kuwa kuingia katika tarakilishi kwa njia ya mbali kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Nusu sekunde! Wengi wetu tungelaumu mtandao na kuendelea na chai. Yeye aliifuatilia nusu sekunde hiyo hadi akaufikia mlango wenyewe, akautangazia ulimwengu tarehe 29 Machi 2024, kabla ya matoleo hayo kuenea katika mifumo mingi iliyo kazini.

Kisa hiki kinatudai tuisome upya methali yetu. Chombo hakikwenda mrama kwa wingi wa manahodha. Kilikaribia kuzama kwa sababu kilikuwa na abiria wasiohesabika na nahodha mmoja aliyelemewa. Macho mengi yalikuwapo kwa nadharia. Kwa vitendo, kila mtu alidhani mwenzake anatazama. Sehemu nyingine ya hila hiyo haikuwamo hata katika hazina ambayo umma huisoma, bali ilitiwa ndani ya kifurushi kilichotolewa kwa watumiaji. Uhuru wa kusoma haufai kitu pasipo wasomaji.

Wako watakaosema kuwa dawa ni kununua programu za kampuni kubwa na kuachana na vya bure. Hoja hiyo haina mashiko. Tarehe 19 Julai 2024, kosa katika sasisho la kampuni ya usalama ya CrowdStrike, ambayo programu yake si huria, liliziangusha takriban tarakilishi milioni 8.5 za Windows kwa makadirio ya Microsoft, na safari za ndege zikakwama. Tofauti ni kwamba hapo mtu wa nje hakuwa na nafasi ya kulikagua sasisho hilo kabla halijafika. Isitoshe, kampuni hizo zenyewe hujenga bidhaa zao kwa visehemu vya programu huria. Mwezi Desemba 2021 ilipogunduliwa kasoro kubwa katika programu huria ya Log4j, taasisi nyingi zilihangaika kwa majuma kujua kama zinaitumia au la. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ndiyo sababu mwezi Mei mwaka huo huo serikali ya Marekani ilikuwa imetoa agizo lililotaka wauzaji wa programu kwa serikali hiyo waandae daftari la viungo vyote vilivyomo.

Sisi tuko wapi katika safari hii? Kwa kiasi kikubwa, tu abiria. Vyuo vyetu hutumia Linux, wanafunzi wetu hujenga miradi yao kwa programu huria, na huduma tunazozitegemea kila siku hazikwepi kuzigusa. Hatulipi nauli, wala hatupigi makasia. Hali hii haitustahili, maana somo la harambee hatukufunzwa na mtu wa nje.

Walimu wa somo la tarakilishi wanaweza kuanza kesho asubuhi. Badala ya kumpa mwanafunzi zoezi ambalo majibu yake yatatupwa kapuni, mpeni programu huria moja ndogo aisome, aijaribu, na akiona kasoro aitoe taarifa kwa wasimamizi kwa njia ya faragha waliyoiweka, ili wairekebishe kabla ya kuitangaza. Kazi hiyo ipewe alama. Mwanafunzi atajifunza kuandika kwa usahihi, kwa sababu taarifa ya kasoro iliyoandikwa ovyo haisaidii mtu.

Nasi wa Kiswahili tusidhani hatuhusiki. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi katika Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Zilitokana na programu huria, na ni huria hiyo iliyowawezesha wanaisimu kuingia ndani na kubadilisha maneno bila kupiga magoti mbele ya mwenye mali. Onyo la usalama ambalo mtumiaji halielewi si onyo. Bibi anayeulizwa kwa lugha ya kigeni kama anakubali au anakataa, atakubali ili ombi limwondokee. Kutafsiri onyo hilo kwa Kiswahili fasaha ni kazi ya ulinzi sawa na kuweka kufuli.

Nahodha tunaye, na bahari tunaijua tangu enzi za mababu. Kinachotakiwa ni mabaharia watakaokesha zamu yao, kila mmoja akijua kuwa zamu hiyo ni yake na si ya jirani.