Kiu isiyokatwa kwa mtungi: Mafundisho ya Budha na maisha ya Gatwekera

MKAZI wa Gatwekera, mojawapo ya vijiji vya mtaa wa mabanda wa Kibera jijini Nairobi, ambaye hupanga foleni kwenye kibanda cha maji na mtungi wake wa lita 20, hahitaji kufafanuliwa kiu ni nini. Pengine ndiye angeelewa upesi neno aliloteua Siddhartha Gautama, mwasisi wa dini ya Budha, alipotaka kutaja chanzo cha mateso ya binadamu. Alikiita tanha, na katika lugha ya Kipali neno hilo lina maana iyo hiyo: kiu.

Gautama alizaliwa Lumbini, katika nchi ambayo leo ni Nepal, takriban karne 25 zilizopita. Masimulizi ya Wabudha yanaeleza kwamba aliondoka katika jumba la wazazi wake akiwa na umri wa miaka 29, baada ya kumwona mzee, mgonjwa na maiti. Alijitesa kwa kufunga kwa miaka sita hadi mbavu zikahesabika. Hatimaye aliacha, akapokea wali uliopikwa kwa maziwa kutoka kwa mwanamke mmoja, na akiwa na miaka 35 akapata nuru chini ya mti huko Bodh Gaya, India. Budha maana yake ni aliyezinduka.

Msingi wa mafundisho yake ni kweli nne. Maisha yana dukha, yaani mateso na hali ya kutoridhika; chanzo chake ni ile kiu; kiu hiyo yaweza kuzimwa; na ipo njia ya kuizima, yenye sehemu nane: mtazamo, nia, usemi, matendo, riziki, juhudi, uangalifu na utulivu wa fikira, vyote vikiwa vimenyooka. Wabudha hawafundishi habari za Mungu Muumba, na huamini kwamba kiumbe huzaliwa tena na tena. Hapo Mkristo na Mwislamu wa Kibera wataachana nao, ila mengi yaliyosalia hayamtaki mtu ahame kanisa wala msikiti.

Huenda msomaji akauliza: je, si kejeli kumwambia maskini aache tamaa? Anayelala na watoto wanne katika chumba kimoja cha mabati ametamani nini cha kupita kiasi? Swali hilo ni la haki, na Wabudha wenyewe wana kisa kinacholijibu. Inasimuliwa kwamba Budha alifika mji wa Alavi, watu wakakusanyika kumsikiliza. Mkulima mmoja fukara alichelewa kwa kuwa ng'ombe wake alikuwa amepotea, akawasili akiwa na njaa. Budha alinyamaza, akaagiza kwanza mkulima huyo apewe chakula, na aliposhiba ndipo mahubiri yakaanza. Njaa aliihesabu kuwa ugonjwa mkubwa kuliko yote. Kwa hivyo kiu anayoikemea si ya maji wala ya chakula, bali ile isiyokoma hata mtungi ukijaa.

Kuhusu fedha, Budha alisema mambo ambayo mweka hazina wa chama chochote cha akina mama angeyapokea. Alimshauri kijana aitwaye Sigala agawe pato lake mafungu manne: moja la matumizi, mawili ya kuendeshea kazi, na la nne liwekwe akiba ya siku ya dhiki. Aidha, alimtajia mambo sita yanayomaliza mali: ulevi, kuzurura usiku, kupenda mno maonyesho ya burudani, kamari, marafiki wabaya na uvivu. Zama hizi ambapo kijana anaweza kupoteza kibarua cha siku nzima kwa kubashiri mechi kwenye simu, orodha hiyo haijachakaa.

Fundisho jingine ni la mishale miwili. Mtu akichomwa mshale huumia. Asiye na hekima hujichoma wa pili kwa uchungu, lawama na hasira anazozitia moyoni mwake. Mapema mwaka wa 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba ziliteketezwa Kibera na reli ikang'olewa. Aliyepoteza nyumba alichomwa mshale wa kwanza na mwenzake, na haki alistahili kuidai. Budha hamzuii. Anachomwonya ni kuishi na jirani kwa miaka akimtazama kwa jicho la kisasi, kwani mshale huo wa pili hauna wa kushtakiwa.

Mafundisho haya si mageni kabisa Afrika Mashariki. Wahamiaji kutoka Sri Lanka walijenga hekalu Dar es Salaam katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na mwaka wa 2005 mtawa mzaliwa wa Uganda, Bhante Buddharakkhita, alianzisha kituo karibu na Entebbe. Zoezi kuu linalofundishwa ni kuketi kimya na kufuatilia pumzi zako. Halihitaji ada wala vifaa, ingawa mahali ambapo redio ya jirani hupenya mabati, ukimya nao ni bidhaa adimu.

Liko jambo moja gumu zaidi. Miongoni mwa biashara tano ambazo Budha aliwakataza wafuasi wake ni uuzaji wa vileo. Nyingine ni silaha, binadamu, nyama na sumu. Katika mitaa ya mabanda wapo wanawake waliosomesha watoto wao kwa kupika chang'aa, na kwa chang'aa iyo hiyo wapo waliopofuka na waliokufa. Mama wa aina hiyo angeambiwa aiache kazi hiyo. Ila kwa kuukumbuka mkasa wa Alavi, anayemwambia hivyo angepaswa kwanza kuuliza watoto wake watakula nini jioni.