Jumamosi ya Mpira Iowa City

Akina mama wengi mna mtoto au ndugu anayeishi Marekani, na huenda siku moja mkamtembelea akawaalika "mpirani". Msidhani ni mpira tuujuao. Sisi wauguzi wawili tulikwenda Iowa City kumwona mzazi, binti wa mwenzetu wa kanisani, na Jumamosi moja ya Oktoba mumewe akatuchukua kuwatazama vijana wa Chuo Kikuu cha Iowa. Mpira wenyewe una umbo la yai, hushikwa kwa mikono, na wachezaji huvaa kofia ngumu kama waendesha pikipiki. Tukisema tuliuelewa tutakuwa tunadanganya.

Sherehe huanza saa nyingi kabla ya mchezo. Watu huegesha magari karibu na uwanja, hushusha mlango wa nyuma wa pikapu ukawa meza, huwasha majiko ya kuchomea nyama, wakala papo hapo na majirani. Karibu kila mtu amevaa nyeusi na njano. Kwenye barabara ya Melrose huuzwa mapaja ya bata mzinga, moja likimtosha mume na mke. Mgeni hukaribishwa vizuri, lakini asiende mikono mitupu. Sambusa zetu zilikwisha kabla ya soseji zao. Bia ni nyingi, na hilo hatukulipenda, hasa mbele ya watoto. Tulikunywa soda, wala hakuna aliyetusumbua.

Uuguzi haupumziki, hivyo macho yetu yalikuwa kwenye sahani. Nyama iliyokwisha kupikwa na saladi ya mayai zisikae nje zaidi ya saa mbili. Joto likipita nyuzi 32, saa moja tu. Wenye watoto chukueni masweta hata kama asubuhi kuna jua. Vitu vyenu vitieni katika mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, maana mikoba ya kawaida hukataliwa mlangoni. Mchezo una vipindi 4 vya dakika 15, lakini saa husimamishwa mara kwa mara hata ukapita saa tatu.

Uwanja huo huchukua watu zaidi ya 69,000. Umepewa jina la Nile Kinnick, aliyeshinda tuzo ya Heisman mwaka 1939, akafa mwaka 1943 ndege yake ya kijeshi ilipoanguka baharini akiwa mazoezini. Jirani kabisa imesimama hospitali ya watoto ya chuo, iliyofunguliwa mwaka 2017. Kutoka ghorofa ya 12, wagonjwa na wazazi wao huuona uwanja wote. Mwaka huohuo shabiki mmoja alitoa wazo, na tangu Septemba 2017, kipindi cha kwanza kikiisha, watu wote husimama, huigeukia hospitali na kuwapungia watoto mikono. Hata waamuzi na wachezaji wa timu ngeni hupunga.

Tuliwaona kwa mbali, wadogo dirishani na wakubwa nyuma yao. Tuliowahi kufanya kazi wodi ya watoto tunajua Jumamosi ilivyo ndefu kwa mama aliyekaa kando ya kitanda akitazama matone ya dripu, huku wengine amewaacha nyumbani kwa jirani. Mwenzangu alipunga mikono yote miwili mpaka kitambaa kikamvuka kichwani. Mchezo ukaanza tena, watu wakaketi. Yeye alibaki amesimama akipunga, mpaka mzee aliyekuwa nyuma yetu alipomwomba kwa upole ampishe naye aone.