Mabaharia Waliosafiri Bila Dira

Mwezi wa Oktoba, 1769, merikebu ya Kiingereza ya Kapteni James Cook ilitia nanga katika pwani ya New Zealand. Ndani yake alikuwamo kuhani mmoja jina lake Tupaia, mzaliwa wa Raiatea, kisiwa kilicho jirani ya Tahiti. Waingereza hawakuwa na neno la kusema na Wamaori waliowakuta huko. Lakini Tupaia aliponena kwa lugha ya kwao, Wamaori walimwelewa. Na kutoka Tahiti mpaka New Zealand ni mwendo wa maili 2,500 hivi za bahari kuu!

Udugu wa lugha hizo wafika mbali kuliko alivyojua Cook. Mtu wa Hawaii husema lima kwa hesabu ya tano. Mmalei naye husema lima. Na watu wa Bukini, yaani Madagaska, husema dimy. Wataalamu wa lugha wamefuata nyayo za maneno kama hayo, wakaona kuwa asili yake ni kisiwa cha Taiwan, maelfu ya miaka iliyopita.

Basi watu hao walivukaje? Katika mwaka 1956 mwandishi wa New Zealand, Andrew Sharp, alitoa kitabu akishikilia kwamba visiwa vya mbali havikufikiwa kwa kusudi, bali na watu waliopotea njia au kuchukuliwa na upepo. Si ajabu kwamba maneno hayo yaliwachoma wenyeji, kwa kuwa masimulizi yao yalitaja manahodha waliokwenda na kurudi.

Mwaka 1973 chama kiliundwa Hawaii ili kulijaribu jambo hilo baharini, na mwaka 1975 kikashusha majini chombo kiitwacho Hokulea, ambacho ni mitumbwi miwili mikubwa iliyounganishwa kwa jukwaa na kutwekwa matanga kwa namna ya kale. Chombo kilikuwa tayari, lakini nahodha hakuwako, kwani elimu hiyo ilikuwa imekwisha kupotea katika Hawaii. Ikabidi atafutwe mgeni, naye alikuwa Mau Piailug wa Satawal, kisiwa kidogo sana katika visiwa vya Caroline, upande wa magharibi wa bahari hiyo.

Mau alizaliwa mwaka 1932, akafundishwa na babu yake tangu utoto. Shule yao ilikuwa mkeka. Juu yake mwalimu alipanga mawe kwa duara, kila jiwe likiwa mahali nyota fulani ichomozapo au ituapo, na mwanafunzi alipaswa kuyashika yote kwa moyo. Nyota huchomoza mahali pale pale siku zote, ingawa saa hubadilika. Kwa hiyo nahodha hufuata nyota moja ikiwa chini, na ikipanda juu mno huiacha na kushika ifuatayo katika njia ile ile. Mchana, au mbingu zikiwa na mawingu, hutazama mawimbi marefu yatokayo mbali, ambayo hayageuki upesi kama upepo. Husemekana kwamba Mau aliweza kulala ndani ya chombo akayatambua kwa jinsi kilivyoyumba. Na wako ndege ambao huvua baharini mchana na kurudi nchi kavu jioni. Awaonaye jioni hujua kisiwa kiko upande gani.

Tarehe 1 Mei, 1976, Hokulea iliondoka Hawaii, na Mau hakuwa na ramani wala dira. Tarehe 4 Juni iliingia Papeete, mji mkuu wa Tahiti, na maelfu ya watu walijaa pwani kuipokea.

Lakini safari moja haikumfanya mtu wa Hawaii kuwa nahodha. Mwezi wa Machi, 1978, Hokulea ilitoka tena bila Mau, ikapinduliwa na bahari kali usiku. Baharia Eddie Aikau alichukua ubao wake wa kuchezea mawimbi akaenda kutafuta msaada, na hakuonekana tena. Wenziwe waliokolewa.

Baada ya msiba huo kijana mmoja wa Hawaii, Nainoa Thompson, alimwomba Mau amfundishe. Jambo hilo halikuwa jepesi, maana kwa desturi ya Satawal elimu hiyo haikutolewa ovyo kwa wageni. Lakini Mau aliwaona vijana wa kwao wakiiacha, akahofu itazikwa pamoja na wazee. Alikubali, na mwaka 1980 Thompson aliiongoza Hokulea mpaka Tahiti na kuirudisha Hawaii, Mau akiwa chomboni kama mwalimu tu.

Mwaka 2007 watu wa Hawaii walimletea Mau zawadi ya chombo kipya, Alingano Maisu, nao walikisafirisha baharini mpaka Satawal. Hapo Mau aliwapa Thompson na wenzake cheo cha nahodha kamili kwa ibada ya kale ya kisiwa. Alifariki mwezi wa Julai, 2010.