Blanketi Kuukuu Litanywesha Miche Yako

Mkulima akienda kupeleka maziwa na jua likiwa kali, huenda akarudi akakuta miche yake ya nyanya imelala ndani ya nyumba ya nailoni. Hasara hiyo yaweza kuzuiliwa kwa blanketi kuukuu.

Utambi wa taa hupandisha mafuta. Blanketi la pamba hupandisha maji vivyo hivyo. Tandika karatasi ya nailoni juu ya meza iliyo sawasawa, kisha blanketi lililoloweshwa. Upande mmoja uingie ndani ya karai la maji lililowekwa kando, na maji yawe inchi 2 hivi chini ya uso wa meza. Pande nyingine zisining'inie, maana maji yatachuruzika bure.

Panga juu yake vifuko vya miche vyenye matundu chini. Usitie kokoto, kwa maana udongo sharti uguse blanketi. Mara ya kwanza mwagilia kwa juu; baadaye udongo utanyonya wenyewe.

Jaza karai kila asubuhi. Miche ikiisha kuhamishwa shambani, fua blanketi kwa maji ya moto, lisipitishe ugonjwa kwa miche mipya.