Gemu Ndogo Inayokamilika

Kijana wa Machakos anayejifunza kutengeneza gemu za kompyuta jioni, baada ya masomo au kazi, hutegemea mambo matatu, yaani kompyuta moja, muda wa ziada na ari, na katika hayo matatu ari ndiyo inayokwisha mapema zaidi pale kazi inapokosa mwisho unaoonekana. Kwa hiyo uamuzi mzito kuliko yote, ambao hupaswa kufanywa kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa msimbo, yaani maagizo yanayoiongoza kompyuta, unahusu ukubwa wa gemu yenyewe.

Ukubwa huo huwadanganya wengi, kwa kuwa mchezaji huyaona matokeo bila kuiona kazi iliyoyazaa. Mhusika mmoja anayetembea pande nne, akichorewa hatua nane kwa kila upande, huhitaji michoro 32, na wahusika watano huhitaji 160, kabla yeyote kati yao hajaruka wala kupigana. Gemu ikiwa ni ya watu wengi kupitia intaneti, mara nyingi huhitajika pia seva, yaani kompyuta inayowaunganisha wachezaji na isiyozimwa usiku wala mchana, ambayo gharama zake hulipwa hata mchezaji akiwa mmoja. Tena vipengele hivi huzidishana, kwani kila silaha mpya hulazimika kujaribiwa dhidi ya kila adui aliyekuwapo, na ndiyo maana mtaka yote hukosa yote.

Historia ya Afrika Mashariki ina ushahidi wa njia nyingine, yaani kuanza na gemu ndogo. Lual Mayen, mzaliwa wa familia iliyokimbia vita katika eneo ambalo sasa ni Sudan Kusini, alilelewa katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, ambako mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu ili amnunulie kompyuta ya dola 300, naye akawa akitembea saa tatu kwenda kuichaji. Gemu yake ya kwanza, Salaam, ilikuwa na kitendo kimoja tu, yaani kugusa skrini ili kuharibu mabomu kabla hayajaleta madhara, na kwa sababu ilikuwa ndogo iliweza kukamilika na kuchezwa. Toleo pana zaidi, linalomweka mchezaji katika nafasi ya mkimbizi anayetafuta maji, chakula na dawa, lilianza kutengenezwa baadaye, na mwaka 2018 Mayen alitambuliwa katika hafla ya The Game Awards nchini Marekani.

Machakos yenyewe haikosi maudhui ya gemu ndogo kama hiyo. Katika miaka ya 1930 wilaya hiyo ilisifika kwa mmomonyoko mbaya wa udongo, lakini baadaye wakulima, wengi wakisaidiana katika vikundi vya mwethya, waliyaokoa mashamba kwa matuta ya fanya juu, ambayo hujengwa kwa kuchimba mtaro unaokingama mteremko na kuutupa udongo upande wa juu. Gemu inaweza kuwa na mteremko mmoja, mvua moja na kitendo kimoja, ambapo mchezaji hugusa mahali pa kuchimba mtaro kabla maji hayajaubeba udongo. Mwanzoni inatosha mteremko uwe pembetatu na matone yawe miraba, kwa kutumia programu ya bure kama Godot, ili ibainike kama mchezo unavutia kabla ya jioni nyingi kutumika katika uchoraji.

Mtengenezaji akishaandika orodha ya vipengele, na abakize vile ambavyo pasipo hivyo mchezo haupo, kisha vingine avihifadhi kwa ajili ya gemu ya pili. Kufika mwisho humfundisha yale ambayo mradi mkubwa ulioachwa njiani haumfundishi, yaani kusahihisha hitilafu za mwisho, kuiweka gemu katika simu ya mtu mwingine na kumtazama akicheza bila kuelekezwa. Maarifa hayo ndiyo mtaji wa gemu kubwa, na hupatikana kwa kukamilisha.