Dramu za umeme: zafaa kununuliwa au tuziache?

Kikundi kimoja cha taarab cha hapa Mombasa, ambacho jina lake nitalihifadhi, kimeweka akiba ya fedha za harusi za msimu uliopita, na sasa wenyewe kwa wenyewe wamegawanyika juu ya matumizi yake. Vijana wataka kununua seti ya dramu za umeme. Mpiga dumbaki wao, mtu mzima ambaye mkono wake umeshawachezesha mama, binti na mjukuu wa nyumba moja, ameapa kwamba siku dramu hizo zitakapoingia ukumbini yeye atachukua dumbaki yake ende zake. Kwa kuwa mimi nami nimekaa nyuma ya bongo miaka mingi, pande zote mbili zilinijia kutaka shauri. Jibu langu nimeona nilitoe hapa, kwani najua si kikundi hicho peke yake chenye swali hilo.

Si mashine ya kujipiga

Kwanza tuelewane ni kitu gani tunachokizungumza, maana watu wengi huchanganya vitu viwili. Kuna mapigo yaliyomo ndani ya kinanda cha umeme, na kuna dramu za umeme. Mapigo ya kinanda hujipiga yenyewe. Mpiga kinanda huchagua rumba au bolero, hubonyeza kidude, na ngoma yenda mpaka atakapoizima. Haichoki, haitoki jasho, wala haimtazami anayecheza.

Dramu za umeme si hivyo. Hizi ni visahani vya mpira au vya wavu vilivyofungwa juu ya fremu, na chini ya kila kisahani mna kinasa mtikisiko. Mpigaji akishusha mkwiro, mtikisiko ule hugeuzwa kuwa umeme, hupita katika waya hadi kwenye kisanduku kilichohifadhi sauti za ngoma na matoazi, nacho kisanduku hutoa sauti iliyochaguliwa. Ukipiga pole hutoka pole, ukipiga kwa nguvu hutoka kwa nguvu. Usipopiga, kimya. Dramu hizi zataka mtu, na mtu huyo awe anajua kupiga. Naomba msomaji aishike tofauti hii, kwani ndiyo nitakayoitumia kuamua.

Vyombo hivi si vya jana. Mwaka 1980 Mmarekani Roger Linn alitoa mashine yake ya LM-1, iliyokuwa na sauti za ngoma za kweli zilizorekodiwa, na mwaka huo huo kampuni ya Roland ya Japani ikatoa TR-808. Hizo zote mbili zilikuwa za kupangiwa mapigo zikajipiga. Mwaka 1981 kampuni ya Simmons ya Uingereza ikatoa SDS-V, yenye visahani vya pembe sita vya kupigwa kwa mikwiro. Lakini vilikuwa vigumu mno, na wapigaji wakalalamika kuumwa na vifundo vya mikono. Ilipofika mwaka 1997 Roland ikaleta seti yenye visahani vya wavu, na tangu hapo mkwiro ukaanza kuruka juu ya kisahani karibu na vile urukavyo juu ya ngozi.

Huku kwetu mashine ya kujipiga ndiyo iliyotangulia kuingia. Taarab ya kisasa ya miaka ya 1990, ile ya rusha roho ya akina East African Melody, ilitegemea sana vinanda vya umeme, na kazi iliyokuwa ikifanywa na jukwaa zima la wapigaji ikaweza kufanywa na watu wachache. Mwenye harusi alipata nafuu ya malipo na nafuu ya sahani za biriani. Lakini walioachwa nyumbani walikuwa wapiga dumbaki, wapiga bongo na wapiga tari. Kwa hiyo hofu ya mzee wetu si ya bure. Ameyaona kwa macho yake.

Ugeni wa chombo si hoja

Wako wanaosema dramu za umeme tuzikatae kwa kuwa si asili yetu. Hoja hii siikubali. Udi umetujia kutoka Uarabuni na fidla kutoka Ulaya. Tabla na harmoniam, alizosifika nazo marehemu Juma Bhalo aliyefariki mwaka 2014, zilitufikia kwa njia ya India. Taishokoto, ambayo Zuhura Swaleh na wenzake waliipigia nyimbo za harusi hapa Mombasa hata wengi wakaidhani ni ya kwetu toka enzi, ilibuniwa Japani mwaka 1912. Taarab haijapata kumfukuza mgeni mlangoni. Humkaribisha, kisha humfunza kusema Kiswahili. La kuuliza ni je, chombo hiki chafundishika?

Kiganja na mkwiro

Ili nisiseme kwa kukisia, niliazima seti moja kwa jioni mbili. Nikaipiga rumba, na nakiri ilikuwa tamu. Nikaipiga bolero, nayo ikakubali. Kisha nikaijaribu chakacha, na hapo ndipo mambo yalipobadilika.

Chakacha si pigo moja. Ni mapigo ya ngoma kadhaa yanayosukwa pamoja: msondo lake, chapuo lake, na vumi lashikilia chini ili wale wengine wasipotee. Mtu mmoja mwenye mikono miwili na miguu miwili aweza kuyakaribia, hasa akiweka sauti ya vumi kwenye kanyagio la mguu. Lakini kwanza awe ameyasikia yote matatu na kuyajua. Seti haitamfunza.

La pili ni kiganja. Dumbaki ina dum ya katikati na tak ya ukingoni, na baina yake mna vidole vinavyopita kama mtu anayepepeta mchele. Visahani vya seti nyingi vimetengenezwa kwa mkwiro. Vyajua kuwa vimepigwa na vimepigwa kwa nguvu gani, bali havipambanui kidole na kiganja. Ziko ngoma za umeme za kupigwa kwa mkono, kama ile HandSonic ya Roland ambayo toleo lake la kwanza lilikuwa na sehemu 15 za kupigia, nazo zakaribia zaidi mkono wetu. Hata hivyo sijaona ya kunifanya niitie moto dumbaki ya mzee.

Haki ya jirani

Ama faida yake kubwa, ambayo sharti isemwe kwa haki, ni unyamavu. Dramu za kawaida hupita desibeli 100 kwa wepesi. Kwa nyumba zetu za Mji wa Kale zilizobanana ukuta kwa ukuta, na fleti za Majengo na Kisauni, kijana hawezi kujifunza juu ya dramu za namna hiyo bila ya kuwaudhi wagonjwa, watoto na wanaojiandaa kwa sala. Jirani ana haki yake, na sote twaijua. Dramu za umeme huvalishwa spika za masikioni, na kijana akapiga hata saa nne za usiku akisikia peke yake.

Lakini asidanganyike kwamba hakuna sauti kabisa. Kanyagio la mguu hupeleka kishindo kwenye sakafu, na anayeishi chini husikia kama mtu anayetwanga. Dawa yake ni zulia zito, au kibao kilichowekwa juu ya mipira ya tenisi iliyokatwa nusu. Na spika za masikioni zisifunguliwe mpaka mwisho, kwani masikio yakishaharibika hayana fundi.

Hesabu ya fedha

Sasa tuje kwenye akiba. Kwa bei za Marekani, seti za kuanzia hukaa baina ya dola 300 na 500, na za wataalamu hupita 3,000. Huku juu yake ongeza usafirishaji na ushuru. Tena seti nyingi za bei nafuu huja bila kiti na bila spika. Kwa harusi wahitaji amplifaya na spika zenye nguvu za kutosha, waya za akiba, na jenereta, kwani umeme ukikatika bibi harusi akiwa ndiyo kwanza aingia ukumbini, seti nzima hugeuka fanicha. Dumbaki haijui habari za umeme kukatika.

Anayenunua mtumba atazame maandishi ya umeme kwanza. Vyombo vya Japani hutumia volti 100, vya Marekani 120, na ukutani kwetu ni 240. Ukichomeka bila adapta yake ufaayo, umenunua moshi. Aguse pia kila kisahani na kila tundu la waya, maana hewa ya bahari hula chuma polepole. Na kununua kwa mkopo wa riba kwa ajili ya kitu cha starehe, hilo sihitaji kulieleza kwa wasomaji wa ukurasa huu.

Shauri langu

Kwa kijana anayejifunza na anayeishi kwenye fleti, nasema anunue, tena achague ya visahani vya wavu, ndogo, kwa fedha taslimu. Kwa wanaorekodi nyumbani pia zafaa, kwa sababu sauti hupita kwa waya moja kwa moja hadi kwenye mashine ya kurekodia bila kuingiza honi za matatu.

Kwa kikundi cha harusi, nasema wasimalize akiba yao. Wakodi seti kwa harusi moja au mbili kwanza, mzee akae na dumbaki yake kando ya kijana wa dramu, na siku hiyo kile kidude cha mapigo cha kinanda kizimwe kabisa. Wasikilize watu wanavyocheza, kisha ndipo waamue. Wakija kununua, watafute kisanduku kinachokubali kutiwa sauti za nje, na sauti za kwanza kutiwa ziwe za msondo, chapuo na vumi, zilizopigwa na mzee mwenyewe, naye alipwe kwa kazi hiyo.

Nilipomweleza mzee hayo alininyamazia kwa muda. Nikamwambia kwamba mashine anayoiogopa ingali yataka mpigaji. Ile isiyotaka mpigaji wanayo tayari, imo ndani ya kinanda, na kila Jumamosi huila nusu ya kazi yake bila yeye kuapa. Kijana akishika dramu, kinanda kitarudi kuwa kinanda, na ngoma itarudi mikononi mwa watu wawili badala ya mmoja.

Lililobaki ni la yeye na vijana. Katika kikundi kile hakuna hata mmoja chini ya miaka thelathini awezaye kulishika vumi la chakacha mpaka mwisho bila kupotea. Asipowafunza yeye, hata wanunue seti ya dola 3,000, watakachopiga ni ile rumba ya kinanda. Kikao chao ni Ijumaa baada ya sala. Nimemuomba aende, na aende na dumbaki yake.