Mbwa wa Jirani Akiwa na Njaa

Mkulima mwema hujulikana kwa boma lake. Ng'ombe wake wana maji, mbuzi wake wana zizi safi, na kuku wake wana kibanda cha kulala. Lakini yuko mnyama mmoja ambaye mara nyingi husahauliwa hata katika boma la mtu mwenye bidii, naye ni mbwa. Hufungwa kwa kamba fupi chini ya mti, hutupiwa makombo siku mtu akikumbuka, kisha hutakiwa kulinda mali ya bwana wake usiku kucha. Mwenye mbwa haoni ubaya wowote, kwa maana amezoea. Anayeona ni jirani. Basi jirani huyo afanye nini?

Mfano wa jambo hili ni wa wakulima wawili katika vilima vya Mbooni, Kaunti ya Makueni, ambao mashamba yao yalitenganishwa na safu ya mkonge tu. Mmoja alikuwa kijana mwenye kuku wengi na watoto wadogo. Mwenzake alikuwa mtu mzima, mwenye miembe mizuri na mbwa mmoja wa rangi ya majivu. Mbavu za mbwa huyo zilihesabika kutoka ng'ambo ya mpaka. Kamba ilikuwa imemchubua shingo, na usiku alilia mpaka watoto wa jirani wakaamka.

Alfajiri moja mbwa alikata kamba, akaingia katika kibanda cha kuku na kuua wanne. Kijana alipowaona alikasirika sana, akasema atatia sumu ya panya katika kipande cha nyama na kukitupa penye mkonge. Mkewe akamwuliza, "Na nyama hiyo ikiokotwa na mtoto?" Kijana hakuwa na jibu.

Akaenda kwa jirani, lakini alikwenda vibaya. Alichukua kuku waliokufa mkononi, akamlaumu yule mzee mbele ya vibarua waliokuwa wakichuma maembe. Mzee akaona haya, na haya ikageuka hasira. "Mbwa ni wangu, na kamba ni yangu," akasema. "Nawe funga kuku wako." Kwa muda wa majuma mawili watu hao hawakuamkiana, na mbwa aliendelea kulala njaa.

Watu wengi wangekomea hapo. Kijana huyu hakukomea hapo. Alimwendea mtu mmoja aliyeheshimiwa na pande zote mbili, wakaenda pamoja jioni, kazi ikiwa imekwisha na hapana wageni. Walizungumza kwanza habari za mvua na bei ya maembe. Kisha kijana akasema, "Mzee, mbwa wako akilia usiku mimi huamka nikidhani umevamiwa. Siku moja nitachoka kuamka, na nahofu siku hiyo ndiyo wezi watakayokuja."

Yule mzee akanyamaza kidogo. Ndipo akaeleza ya kuwa baba yake alimfundisha kwamba mbwa akishiba hulala, na mwenye njaa ndiye mlinzi mkali. Yule mtu wa heshima akamjibu, "Mwenye njaa hununuliwa na mwizi kwa mfupa mmoja." Wote watatu wakacheka, na maneno yakawa rahisi. Kweli wahenga walisema, maneno matamu humtoa nyoka pangoni.

Imani ya mzee huyo ni ya watu wengi, nayo si ya kweli. Mbwa mwenye njaa hana nguvu ya kulinda. Hutoroka kutafuta chakula, hula mayai na kuku za watu, na hupigana na mbwa wengine jalalani. Mbwa anayelishwa hukaa kwake, na humjua bwana wake na mgeni. Wala kumtunza si gharama kubwa. Ugali uliochanganywa na mchuzi, dagaa au mabaki ya nyama wamtosha, ila asipewe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa maana huvunjika vipande vikali vya kumchoma koo na matumbo. Apate maji safi kila siku, na kivuli. Akiwa lazima afungwe, mnyororo uwe mrefu hata aweze kutembea na kulala bila kujinyonga, na afunguliwe kila siku ndani ya ua. Apewe dawa ya minyoo, na achanjwe kila mwaka.

Neno hili la chanjo ndilo linalomfanya mbwa wa mtu mmoja kuwa shauri la kijiji kizima. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa mara ya kwanza katika Kenya mwaka 1912, kwa mbwa mmoja karibu na Nairobi, na mwaka 1928 kilithibitishwa kwa binadamu. Tangu hapo hakijaondoka. Inakadiriwa kuwa watu 2,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka katika Kenya, na duniani kote watu 59,000. Katika kila watu 100 wanaoupata, 99 huupata kwa mbwa, na miongoni mwa wanaokufa wamo watoto wengi. Dalili zikiisha kuonekana kwa mgonjwa, karibu hapana anayepona.

Hata hivyo ugonjwa huu wazuilika. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa mahali fulani, nao wakichanjwa tena kila mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Mwaka 2014 Serikali ya Kenya ilifanya mpango wa kuhakikisha ya kuwa ifikapo mwaka 2030 hapana mtu anayekufa kwa kichaa cha mbwa, na Makueni ni moja ya kaunti zilizotangulia kuchanja mbwa wengi kwa mpango huo. Lakini mbwa asiyetunzwa hapelekwi kuchanjwa. Siku ya chanjo ikitangazwa, yeye yuko jalalani, au hapana awezaye kumshika.

Mtu akiumwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Lisipakwe pilipili, majivu wala mafuta. Kisha aende hospitali siku ile ile akachomwe sindano, wala asingoje kuona kama mbwa ataugua. Mbwa naye, ikiwa yawezekana bila hatari, afungiwe na kuangaliwa siku 10, na habari zipelekwe kwa afisa wa mifugo au chifu. Mbwa akiuawa, kichwa chake kisipondwe, kwa maana wataalamu huchunguza ubongo ili kujua kama alikuwa na ugonjwa.

Je, mwenye mbwa akikataa kusikia? Ikiwa amekwisha kuambiwa kwa heshima mara mbili au tatu, na mbwa yungali akiteswa, jirani ana haki ya kupeleka habari kwa chifu, kwa polisi, au kwa afisa wa mifugo wa kaunti. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, ya mwaka 1962, humhesabu kuwa mkosaji mtu anayemnyima mnyama chakula au maji hata akateseka. Sheria hiyo hiyo hukataza kumlisha mnyama sumu bila sababu ya haki. Basi mwenye kutupa nyama ya sumu huenda akashtakiwa yeye, na mwenye mbwa akabaki na mashaka ya bure. Katika Nairobi na miji mingine kadhaa kiko pia chama cha kuwalinda wanyama, kilichoanzishwa mwaka 1910, ambacho hupokea habari za namna hii.

Kule Mbooni mambo hayakufika kwa chifu. Mzee alinunua mnyororo mrefu, akalipa kuku wawili katika wale wanne, na kijana akaridhika. Siku mzee alipokwenda sokoni, mtoto mkubwa wa kijana alivuka mkonge kumpa mbwa maji, na siku ya chanjo ilipotangazwa, ni mtoto huyo aliyemshika kamba mpaka zamu yake ikafika. Mbwa hakunenepa kwa siku moja, lakini aliacha kulia.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kilio cha mbwa wa jirani ni ufa mdogo. Mwenye busara huuziba mapema, kwa maneno ya upole, jioni, mahali pasipo watu.